Picha za Faragha za Wanandoa wa Makamo Safarini: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki kinawahusu mume na mke, wote wawili wakiwa wamevuka umri wa miaka 55, ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea. Walisafiri kwa mapumziko ya siku chache hotelini, na miongoni mwa mambo waliyoyapanga ni kupiga picha za faragha: picha za mke akiwa chumbani katika mavazi ya kulalia au akiwa amejifunika shuka, zilizokusudiwa kuonwa na wao wawili tu. Mpiga picha alikuwa mume mwenyewe, ambaye hafanyi kazi hiyo kwa malipo lakini ameshika kamera kwa miaka mingi na anaifahamu vya kutosha. Walifanya vikao viwili. Cha kwanza kilivunjika mapema na kuacha ukimya uliodumu hadi siku iliyofuata. Cha pili kilitoa picha ambazo mke alizichagua mwenyewe na ambazo hadi sasa wanazo. Wameniruhusu nikichambue kisa chao kwa sharti kwamba lisitajwe jina, nchi wala hoteli, na sharti hilo ni jepesi kulitimiza, kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilisha hoja.

Kinachokifanya kisa hiki kifae kuchambuliwa ni kwamba vikao vyote viwili vilitumia kamera ileile, katika chumba kilekile, kwa watu walewale. Mtu angetarajia matokeo yanayokaribiana. Tofauti iliyojitokeza, kwa maoni yangu, inatokana na swali moja la mamlaka: ni nani aliyeamua nini kiingie kwenye fremu, lini, kwa mwanga gani, na nini kibaki baada ya kitufe kubonyezwa. Katika kikao cha kwanza maamuzi yote hayo yalikuwa ya mume. Makosa ya kiufundi aliyoyafanya, nayo hayakuwa madogo, karibu yote yaliota kwenye mzizi huo.

Kikao cha kwanza

Waliwasili alasiri baada ya safari ndefu ya ndege. Mume alikuwa amejiandaa kwa muda mrefu: alinunua kwa siri gauni jepesi la kulalia, akahifadhi kwenye simu picha kadhaa za mfano, na akapanga kwamba kazi ifanyike jioni hiyohiyo kabla matembezi hayajawachosha. Mke alikuwa amelikubali wazo la picha tangu nyumbani, lakini hakuwa ameambiwa siku, vazi wala aina ya picha. Alipoonyeshwa gauni akakuta ni la saizi aliyokuwa akiivaa miaka mingi iliyopita. Alilivaa hata hivyo, kwa sababu hakutaka kumvunja moyo mwenzake, akalala chali kitandani kama picha ya mfano ilivyoonyesha. Taa za pembeni mwa kitanda zilikuwa zinawaka pamoja na taa ya bafuni. Pazia zito lilikuwa limefunguliwa na lile jepesi limeachwa. Kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, mume alifunga lenzi pana ya milimita 28, akapanda juu ya kiti upande wa miguuni na kupiga mfululizo. Baada ya muda mke aliomba kuona. Alipitisha picha chache kwenye skrini ya kamera, kisha akasema, “Mwenzangu, hapa umelipiga tumbo, mimi hukunipiga.” Akavaa joho la hoteli, na kikao kikaishia hapo.

Nianze na ridhaa, kwa kuwa ndiyo iliyokosewa kwanza. Mke alikubali kupigwa picha, na mume akaichukua kauli hiyo kuwa imebeba kila kitu kilichofuata: gauni, saa, pozi, na hata kule kupanda juu ya kiti. Kosa hili huwanyemelea zaidi waliooana miaka mingi, kwa sababu wamezoeana kiasi kwamba mmoja huona hana haja ya kuuliza. Lakini kuonwa na mwenzi na kuhifadhiwa kwenye faili ni mambo mawili tofauti. Jicho la mume huona na kusahau, tena huona likiwa na mapenzi. Faili halisahau, na linaweza kutazamwa na mtu yeyote litakayemfikia. Mtu aliyejizoesha kuvua nguo mbele ya mwenzake kwa miaka 30 ana haki kamili ya kusita mbele ya lenzi ya mwenzake huyohuyo.

Gauni la siri lilikuwa kosa ambalo wengi huliita wema. Vazi la mshangao likikosa kuenea, jambo la kwanza mvaaji analolipokea ni taarifa kwamba mwili wake si ule ambao mwenzake alikuwa anaufikiria alipokuwa dukani. Zaidi ya hayo, ukanda unaobana hubonyeza nyama na kuzaa mikunjo ambayo isingekuwapo, na kamera huiandika mikunjo hiyo bila kujali kwamba chanzo chake ni saizi. Ushauri wangu katika jambo hili ni mkali kidogo: nguo za picha za aina hii zichaguliwe na anayezivaa. Ikiwa ni lazima ziwe zawadi, zitolewe mapema kiasi cha kuweza kubadilishwa.

Siku nayo ilichaguliwa vibaya. Saa nyingi za kukaa kwenye kiti cha ndege hufanya maji yajikusanye miguuni na kwenye vifundo, uso huvimba chini ya macho kwa kukosa usingizi, na alama za soksi, sidiria na mkanda wa suruali hubaki ngozini muda mrefu baada ya nguo kuvuliwa. Ngozi ya umri mkubwa, ambayo unyumbufu wake umepungua, huchelewa zaidi kurudi katika hali yake. Mke alikuwa na pete nyekundu ya soksi juu ya kila kifundo, na kwa kuwa mume alipiga picha kutoka miguuni, pete hizo ndizo zilizokuwa karibu zaidi na lenzi.

Hapa tunaingia kwenye lenzi yenyewe, ambayo watu huilaumu isivyo haki. Upotovu wa maumbo unaoonekana katika picha za lenzi pana husababishwa na umbali: kitu kilicho karibu sana huonekana kikubwa kupita kiasi kikilinganishwa na kilicho mbali, na lenzi pana humruhusu mpigaji kusogea hadi kwenye umbali huo mbaya huku bado akiupata mwili mzima ndani ya fremu. Mume aliposimama juu ya kiti, nyayo na magoti yalikuwa karibu, tumbo likafuata, na kichwa kikawa mbali. Uso, ambao ndio alioutaka, ukawa sehemu ndogo kuliko zote. Wanaotumia simu wako katika hatari hiyohiyo, kwa sababu kamera kuu ya simu nyingi za sasa ina upana unaolingana na lenzi ya takriban milimita 24 hadi 26. Ni afadhali kurudi nyuma hatua mbili na kutumia ukuzaji wa mara mbili kuliko kumwinamia mtu.

Mwanga ulikuwa na makosa mawili. La kwanza ni mwelekeo. Baada ya hedhi kukoma, ngozi ya mwanamke hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake, yaani protini inayoipa ngozi uimara, katika miaka mitano ya mwanzo, na matokeo yake ni ngozi nyembamba yenye mistari midogo ambayo jicho halihangaiki nayo lakini taa mbaya huitangaza. Taa ndogo iliyo karibu na mwili na inayoangaza kutoka pembeni hutupa kivuli kwenye kila mkunjo. Wapiga picha wa vitambaa hutumia mbinu hiyohiyo kwa makusudi ili nyuzi zihesabike. La pili ni rangi. Taa za kitandani kwa kawaida huwa na mwanga wa njano wa kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), taa ya bafuni mara nyingi huwa nyeupe zaidi, na dirisha, jua likishatua, huingiza ubuluu. Kamera inaweza kusawazisha rangi moja tu kati ya hizo, na zinazobaki huipaka ngozi madoa ya machungwa na ya buluu. Mke alipotazama paja lake kwenye skrini alidhani ana michubuko.

Kuna jambo jingine ambalo wote wawili hawakulijua hadi walipoambiwa. Pazia jepesi huficha chumba mchana, wakati nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Jua likishatua na taa za chumba zikawashwa, hali hugeuka: aliye nje ndiye anayeona ndani, na aliye ndani haoni kitu isipokuwa kioo cheusi. Jioni ile, taa zote zikiwa zinawaka na pazia zito likiwa wazi, mtu yeyote aliyesimama kwenye jengo la mkabala angeweza kuona kikao chote.

Kosa la mwisho la kikao hicho lilikuwa la jicho la mume, nalo lina uhusiano na umri wake mwenyewe. Uwezo wa jicho kuona vitu vya karibu huanza kupungua kwa watu wengi katika miaka ya arobaini. Yeye alikuwa amevua miwani ili aweze kukaribia kitafutio cha kamera, yaani kidirisha anachochungulia mpigaji, akaona picha ikiwa na ukungu, akaamini kwamba ni kamera, akabadilisha ulengaji kidogo kidogo hadi alichokiona kikaridhisha. Pembeni mwa kitafutio cha kamera nyingi kuna gurudumu dogo la kurekebisha uoni, ambalo huzungushwa hadi maandishi ya ndani yaonekane wazi; yeye hakuwahi kuligusa tangu anunue kamera. Nusu ya picha zake zilikuwa zimelenga mto.

Siku iliyokuwa haina kamera

Siku iliyofuata kamera haikutolewa. Hilo peke yake nalihesabu kuwa uamuzi wa busara, maana wengi wangejaribu kuokoa siku kwa kusisitiza. Walitembea, wakala, wakalala mapema, na jioni mke ndiye aliyelirudisha suala hilo mwenyewe. Alisema kwamba bado anazitaka picha, ila ana masharti. Vazi atachagua yeye. Pozi la kulala chali halitakuwapo. Kila baada ya picha chache kamera itaingia mikononi mwake, na asichokipenda atakifuta papo hapo bila kuulizwa sababu. Akisema “basi”, kamera inafungwa, hata kama mwanga ndiyo kwanza umekuwa mzuri. Sharti la mwisho lilimshangaza mume: kabla ya yeye kupigwa, mume angevua shati na kupigwa kwanza, na mkewe ndiye angekuwa nyuma ya kamera.

Sharti hilo nalipa uzito kuliko mengine yote. Mume alisimulia kwamba mara tu lenzi ilipomgeukia, alivuta tumbo ndani na kuzuia pumzi, akauliza mikono aiweke wapi, kisha akaomba picha isipigwe kutoka chini. Mkewe alicheka, akapiga, akamwonyesha. Kwenye skrini alikuwa amekakamaa kama mtu anayesubiri sindano, mabega yamepanda hadi masikioni, na macho yanamtazama mpigaji kwa wasiwasi. Hapo ndipo alipoelewa kile ambacho mwenzake alikuwa amepitia juu ya kitanda, tena kwa muda mrefu na bila mtu wa kucheka naye. Alielewa pia jambo la kiufundi lenye faida kubwa: pumzi ikizuiwa, shingo na mabega hukaza na uso huwa mgumu, ikitolewa polepole kupitia mdomoni, taya hulegea, na picha nzuri hupatikana katika sekunde moja au mbili zinazofuata. Mbinu hii hufundishwa katika madarasa ya picha za watu, lakini wachache huitumia kwa kuijua mwilini mwao.

Mazungumzo hayo yalizaa pia kitu ambacho orodha ya pozi za mtandaoni isingekitoa. Mume alimwuliza mkewe ni sehemu gani za mwili wake anazozipenda yeye mwenyewe. Alijibu bila kusita: mgongo, mabega, mikono, na nywele zake ambazo ameziacha mvi. Mume hakuwa amepiga hata kimoja kati ya hivyo.

Kikao cha pili

Kikao cha pili kilifanyika asubuhi, baada ya usingizi wa kutosha. Mke alikuwa amevaa joho lililolegea tangu alipoamka, ili ngozi isibaki na alama, na kwa picha alichagua gauni lake la zamani la pamba na shati jeupe la mumewe. Kabla ya lolote, mume alitundika kibao cha kuomba wasisumbuliwe na kufunga komeo la ndani, kwa kuwa kibao peke yake hakizuii mhudumu mwenye haraka. Kisha akazunguka chumba kwa jicho la lenzi: akaondoa mezani pasipoti, bahasha ya kadi ya mlango iliyoandikwa namba ya chumba na karatasi ya ratiba, na akageuza kidogo mlango wa kabati wenye kioo, ambao ungemwonyesha yeye mwenyewe katika kila picha.

Walifikiria roshani, kwa sababu mandhari yake ilikuwa nzuri, wakaiacha. Nakubaliana nao kabisa. Roshani ni sehemu ya chumba kwa mujibu wa risiti, lakini kwa macho ya sheria inaweza kuwa mahali pa umma, na sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Aprili 2021 kundi la wanawake waliopigwa picha wakiwa uchi kwenye roshani ya jengo refu mjini Dubai walikamatwa na baadaye kufukuzwa nchini. Msafiri haendi na sheria za nyumbani kwake. Hukutana na za mwenyeji, na hata kumiliki picha za uchi kunaweza kuwa kosa huko, hata kama nyumbani kwake ni jambo la kawaida.

Taa zote zilizimwa. Pazia zito lilifunguliwa na jepesi likafungwa, likawa chanzo kikubwa cha mwanga laini, na kwa kuwa ilikuwa mchana, likawa pia sitara. Mke aliketi kwenye kiti kisicho na mikono, mita moja na nusu hivi kutoka dirishani, mwili ukiwa umegeukia mwanga kwa mshazari. Upande wa kivuli mume alitandika shuka jeupe juu ya mgongo wa kiti cha pili, ambalo lilirudisha sehemu ya mwanga na kupunguza weusi chini ya kidevu. Alitumia lenzi ya milimita 50, akarudi nyuma hadi ukutani, akaweka tundu la lenzi kwenye f/2.8, yaani si wazi kupita kiasi, ili jicho la mbali lisiingie ukungu, kasi ya 1/125 ya sekunde na ISO 800, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kupokea mwanga. Kabla ya kuanza, alizungusha lile gurudumu la kitafutio.

Umuhimu wa kiti unastahili kuelezwa. Kitanda kinavutia kama wazo, lakini mwili uliolala chali hutandazika, na mwili ulioegemea kiwiko humtaka mtu ajikaze tumbo na bega kwa muda mrefu. Mtu mwenye magoti yanayouma hawezi kupiga magoti juu ya godoro laini kwa dakika kumi kisha akaonekana ametulia. Juu ya kiti, mgongo hunyooka wenyewe, uzito hukaa mahali pake, na miguu inaweza kuvuka au kunyooshwa bila maumivu. Mke aliketi ubavu, akaweka kiganja kimoja juu ya mgongo wa kiti kwa kukilegeza, akapeleka kidevu mbele kidogo na kukishusha, jambo linalohisi kama upuuzi kwa anayelifanya lakini ambalo hunyoosha ngozi ya shingo. Kwa picha za mgongo alisimama akitazama dirisha, shati likiwa limeshuka hadi kwenye viwiko. Joto la mwili lilipompanda ghafla, kama linavyowapata wanawake wengi wa umri huo, walisimama, akanywa maji, wakaendelea. Hakukuwa na haraka, na kwa kweli mapumziko hayo ndiyo yaliyozaa picha anayoipenda mume kuliko zote: mke ameinua nywele kwa mikono miwili ili shingo ipate hewa, macho amefumba.

Baadaye kamera iliwekwa juu ya sanduku lililosimamishwa wima, ikawekewa muda wa sekunde 10, na wakapigwa wote wawili. Picha hizo zilikuwa na ukungu kidogo, na sanduku lilianguka mara moja. Mke amezihifadhi zote.

Kabla ya kuendelea, inafaa kukumbusha kwamba kumpiga picha mwenzi kwa ukaribu huu si jambo geni lililoletwa na simu. Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Marekani, alimpiga Georgia O’Keeffe, mchoraji aliyekuja kuwa mkewe, picha zaidi ya 300 kati ya 1917 na 1937, nyingi zikiwa za mikono, shingo na sehemu nyingine za mwili, na 1921 alizionyesha kadhaa hadharani mjini New York. Kwa kisa chetu, mfano ulio karibu zaidi ni Emmet Gowin, mpiga picha mwingine wa Marekani, aliyeanza kumpiga mkewe Edith katika miaka ya 1960 na akaendelea hadi uzeeni, zikiwamo picha alizompiga katika safari zao za misitu ya kitropiki ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Anayezitazama picha hizo kwa mfuatano haoni mwili unaoharibika. Anaona mtu yuleyule akizidi kujulikana, na mpigaji asiyedai arudishiwe sura ya zamani. Mume wa kisa hiki angefaidika kuziangalia kabla ya safari badala ya zile picha za mfano alizozihifadhi, ambazo zote zilikuwa za wanawake wa umri wa binti yake.

Uhariri

Mume alitaka kulainisha ngozi kwa programu, akidhani anamfanyia hisani. Mke alikataa, alisema makunyanzi yaachwe na kovu la upasuaji liachwe, ila mishipa iliyovimba kwenye mguu wa kushoto ififishwe. Mimi ningeiacha na hiyo mishipa, kwa sababu katika picha nyeusi na nyeupe ilikuwa haionekani sana na kuifuta kuliacha doa bapa. Lakini jibu langu halina uzito hapa. Anayeonekana ndiye mwenye haki ya kusema ni nini kinachomsumbua, na mara nyingi si kile ambacho mpigaji angekikisia.

Faili baada ya picha

Sehemu iliyokaribia kuleta balaa haikuwa ya picha kabisa. Kamera ya mume hutuma nakala kwenye simu kwa mawasiliano yasiyo na waya, na simu yake hupandisha kila picha kwenye akaunti ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Akaunti hiyohiyo ilikuwa imefunguliwa kwenye kompyuta kibao iliyobaki nyumbani, ambayo wajukuu huitumia kutazama katuni. Picha mbili za kikao cha kwanza zilikuwa zimekwisha kupanda kabla hajalitambua jambo hilo. Alizifuta, lakini kufuta hakutoshi: kwenye iPhone picha iliyofutwa hukaa katika albamu ya zilizofutwa karibuni kwa siku 30, na kwenye Google Photos picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 60, isipokuwa mtu aingie humo na kuifuta tena. Alifanya hivyo, akazima upandishaji wa kujiendesha, na kwa kikao cha pili akazima kabisa mawasiliano ya kamera na simu.

Jambo hili lilipaswa kufanywa kabla ya kuondoka nyumbani. Picha za simu huweza pia kubeba ndani yake mahali zilipopigwa, na mpangilio huo huzimwa kwenye ruhusa za programu ya kamera. Kadi ya kumbukumbu nayo isiaminiwe kwa sababu tu imefomatiwa. Ufomati wa kawaida ndani ya kamera hufuta orodha ya faili, na data yenyewe inaweza kurejeshwa kwa programu za kawaida hadi pale itakapoandikwa juu yake.

Wakati wa kurudi kuna mpaka. Nchini Marekani, kwa mfano, maafisa wa forodha wana mamlaka ya kukagua simu na kompyuta za wasafiri mpakani bila hati ya mahakama, na nchi nyingine nyingi zina mamlaka yanayofanana nayo. Uwezekano wa kukaguliwa ni mdogo, lakini aibu yake ni kubwa, hivyo wanandoa hawa walihamishia picha zilizochaguliwa kwenye diski ndogo iliyofungwa kwa usimbaji fiche, yaani isiyosomeka bila nenosiri, wakafuta kila kitu kingine. Nenosiri wanalijua wote wawili. Mke ndiye aliyelitunga, kwa kuwa mpigaji picha ndiye kwa kawaida mwenye hakimiliki yake katika sheria za nchi nyingi, na bila makubaliano ya namna hii anayeonekana hubaki akitegemea hisani ya mwenye faili. Makubaliano yao ni kwamba hakuna nakala itakayotolewa bila wote wawili kuwapo, na kwamba mke anaweza kuagiza yote yafutwe wakati wowote.

Lililobaki linawahusu wanandoa wa umri huu kuliko vijana, nalo ni nani atakayezikuta picha hizo. Mtoto mtu mzima anaposhika simu ya mzazi aliyelazwa ili alipe bili, au anapofungua kompyuta ya marehemu kutafuta nyaraka, hapitii albamu kwa ubaya. Hukutana nazo tu. Apple humruhusu mtumiaji kuteua mrithi wa akaunti, ambaye baada ya kifo huweza kufikia picha zilizomo iCloud, na Google ina utaratibu wa kukabidhi data ya akaunti iliyoacha kutumika. Huduma hizo ni nzuri, ila hazibagui picha ya harusi na picha ya chumbani. Mume na mke hawa walikuwa wamemteua binti yao miaka kadhaa nyuma, wakasahau. Hawakumwondoa, walihakikisha tu kwamba hakuna picha ya faragha inayokaa katika akaunti hizo. Diski haina nakala, na nenosiri lake halijaandikwa popote. Mume angependa nakala chache zichapishwe na kuwekwa kwenye bahasha iliyofungwa, aweze kuzitazama iwapo mkewe ndiye atakayetangulia kufariki. Mke amesema atalifikiria.